Nilimwandalia Nafasi Mtoto Mwingine

Wazee wangu na kina mama, asanteni kwa kunisimamisha hapa. Mchungaji aliniomba niseme neno juu ya kuzaliwa kwa Bwana. Nikamwambia mahubiri siyawezi, labda niwasimulie yaliyonipata. Nitasema Kiswahili, maana Kiacholi changu wengi hamkisikii, na Luganda yangu mnaicheka. Majina ya watu sitayataja.

Mnajua mume wangu ni askari. Wakati huo tulikuwa tumepanga Kisugu, hapa Kampala, na yeye alikuwa amepelekwa kazini mbali, kaskazini-mashariki, mahali ambapo simu inashika siku moja na kupotea wiki nzima. Tulikuwa na mabinti watatu. Huko kijijini kwao, wazee wa ukoo walikuwa wameanza kusema kwamba nyumba isiyo na mtoto wa kiume haina haja ya shamba. Mama mkwe wangu alikuwa anaishi peke yake kwenye shamba hilo. Kila nikiongea naye kwenye simu, alimaliza kwa kuuliza kama nimeshapata mimba.

Nikapata. Nikaenda kwenye maombi katika nyumba moja, si hapa kwetu. Mhubiri akaniwekea mkono kichwani, akasema nimebeba mtoto wa kiume, na kwamba huyo ndiye mkombozi wa nyumba yetu. Nililia kwa furaha. Nikampigia mama mkwe, naye akawaambia wale wazee. Simu ya mume wangu iliposhika nikamwambia na yeye. Akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia mwaka mzima. Tumbo halijaonekana vizuri, tayari watu wote wanamsubiri aliyemo. Nikamchagulia jina, nikanunua na visuruali.

Hapa nataka nieleweke. Yule mhubiri hakuniambia niache kliniki. Hilo niliamua mwenyewe. Nesi alikuwa amenipima presha akaona imepanda, akanipa dawa na kunitaka nirudi baada ya wiki mbili nipigwe picha ya tumbo. Nilifika nyumbani nikaketi kitandani, nikajiuliza: picha ikionyesha msichana, nitawaambia nini? Nikaona bora nisijue. Sikurudi. Dawa zilipokwisha sikufuata nyingine. Nikaita hiyo imani. Ndugu zangu, nawaambia leo ilikuwa woga tu.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Mtoto akikaa muda bila kucheza, nabonyeza tumbo mpaka asogee. Miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Kichwa kikawa kinauma kuanzia asubuhi. Na nikipiga magoti, sikuwa naomba. Nilikuwa namkumbusha Mungu kwamba ameahidi, kwamba watu wanangoja, asiniaibishe.

Krismasi ilikuwa karibu. Asubuhi moja nikiwa naanika nguo, nikaona kamba zimekuwa mbili. Jirani yangu, mama wa Kinubi, Mwislamu, alikuwa barazani kwake anasuka kikapu. Akaacha kazi akaja kunitazama usoni.

“Unaona vizuri?” akaniuliza.

Nikamjibu kwamba nimechoka tu.

“Sikuulizi uchovu. Nakuuliza, unaona?”

Nikaanza kulia. Hakungoja jibu. Aliwapeleka wanangu kwa dada yake, akaita boda, akaketi nyuma yangu akinishika kiunoni mpaka hospitali ya Mulago. Njia nzima nilimsikia akiomba kwa Kiarabu, na mimi maneno yangu yote yalikuwa yamekwisha.

Daktari alipoona presha yangu akasema mtoto lazima atolewe saa hiyohiyo, ingawa muda wake ulikuwa bado miezi miwili. Nina aibu kuwaambia nilichouliza. Nilimuuliza kama ni mvulana.

Akanitazama. “Nnyabo, mama yangu,” akasema, “tunajaribu mbaki hai nyote wawili.”

Nilipozinduka baada ya kupasuliwa wakaniambia ni msichana, mdogo sana, anapumua kwa shida. Niligeukia ukuta. Siku mbili nzima walikuja kuniita nikamwone, nikasema kidonda kinauma. Kidonda kilikuwa kinauma kweli, lakini si hicho kilichonizuia. Nilikuwa nimemwandalia nafasi mtu mwingine, na huyu alipokuja sikuwa na mahali pa kumweka.

Siku ya tatu nesi mmoja mzee hakuniita. Alimleta. Akanifungua kifua, akamlaza hapa katikati, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa kitenge.

“Hana joto lake mwenyewe,” akasema. “Utampa lako.”

Mguu wake wote ulikuwa kama kidole changu gumba. Alikuwa anavuta pumzi, anaacha. Nikimsugua mgongo, anavuta tena. Basi nikawa nasikiliza. Sikuthubutu kukohoa. Na nikiwa hapo nikamfikiria Mariamu. Aliambiwa mwanawe atapewa kiti cha enzi, kisha akajikuta zizini ameshika kitoto kinacholia baridi. Watu walikuwa wanamngojea mfalme wa kuwafukuza maaskari wa Rumi. Akaja mtu ambaye kwanza ilibidi avishwe, anyonyeshwe, abebwe akimbizwe. Mimi nilitaka mtoto aje kuniokoa. Huyu alikuwa anataka nimfunike.

Nikamwangalia usoni kwa mara ya kwanza.

Ilibaki hofu moja, na hiyo niliiogopa kuliko kisu. Mama mkwe alipanda basi bila kuniambia. Nilimwona mlangoni mwa wodi, ana mfuko wa simsim, ufuta wa shambani, kichwani. Nikamwambia kabla hajaketi kwamba ni msichana, kwamba nimewapa wote matumaini ya bure.

Akakaa pembeni ya kitanda. Akafunua kitenge kidogo akamtazama mtoto. Kisha akaniuliza nimelala lini. Nikasema sikumbuki. Akafungua vifungo vya gauni lake la gomesi.

“Nipe,” akasema.

Akamfunga kwenye kile kifua chake cha uzee. Nami nikalala.

Mtoto aliishi. Shamba bado tunalipigania, sitawadanganya. Wazee hawajabadilika, na mume wangu akienda likizo anarudi amekonda kwa maneno yao. Usiku na mchana bado kuna mambo yananitia wasiwasi. Lakini kliniki sikosi tena.

Namshukuru jirani yangu, ambaye hayupo hapa kwa kuwa si kanisa lake. Namshukuru yule nesi, na daktari aliyenijibu vile. Namshukuru mama mkwe wangu. Nanyi mlionipikia wiki zile bila kuuliza ni mtoto gani, Mungu awakumbuke.

Krismasi hii kila mmoja wetu ana kitu anachomwambia Bwana alete. Mwambieni, si vibaya. Ila akija mdogo, akija tofauti, akija analia, msigeukie ukuta kama mimi. Wengi walimkosa Bethlehemu kwa sababu walikuwa wanamtazamia mwingine, na mimi nilibakiza kidogo tu nimkose wangu.

Naomba niketi. Yule anayepiga kelele huko nyuma kwa bibi yake ni yeye, ananitaka.