Picha Sita za Kong Belsida Khongwir, 1955–2023

Kong Belsida Khongwir hakuwahi kufungua ukurasa bila kuuficha kwanza. Aliweka kiganja juu ya ukurasa unaofuata, akamtazama aliyekaa naye, akauliza, "Halafu?" Aliwafanyia hivyo watoto wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na tisa. Alitufanyia sisi kanisani kwa kitabu cha nyimbo, ubeti wa pili ukiwa umeshaanza. Mwezi wa tatu mwaka huu alimfanyia daktari kwa majibu yake mwenyewe ya vipimo. Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka.

Alizaliwa hapa Mairang tarehe 3 Agosti 1955, kitinda mimba wa Kong Trilian Khongwir, muuza viazi, na mumewe, Bah Dosing Nongsiej. Huku kwetu kila mwanamke wa heshima ni Kong, dada, na kila mwanamume ni Bah, kaka. Akiwa binti wa mwisho, kwa desturi yetu ndiye aliyeachiwa nyumba pamoja na wazee waliokuwamo. Paa lilivuja na wazee walinung'unika. Vyote viwili alivitunza.

Alisoma hapa hapa hadi darasa la kumi, mwaka 1973, kisha akaenda chuo cha ualimu Shillong na kupata cheti mwaka 1975. Tarehe 1 Februari 1976 alianza kufundisha katika shule ya msingi ya kanisa letu. Vitabu vya picha alivyovikuta vilitoka tambarare, mbali na milima yetu hii. Vilikuwa na ngamia, na treni ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuiona. Watoto walivitazama kwa adabu, basi.

Akaanza kuchora mwenyewe, kwenye karatasi ngumu za masanduku ya chai. Hadithi iliyojulikana zaidi ilikuwa ya bibi mmoja na nguruwe wake. Bibi anamfunga kamba ampeleke sokoni. Nguruwe anakata kamba. Anapita katikati ya kabichi za jirani. Mvua inanyesha na bibi anamtafuta. Anamkuta kanisani, chini ya mimbari. Na humo, chini ya mimbari, nguruwe anazaa watoto saba. Picha sita. Hakuziandika namba. Watoto walipewa zikiwa zimechanganywa, wakae sakafuni wabishane hadi wazipange. Baada ya hapo kila mmoja aliandika alichokiona. Neno "nzuri" lilikatazwa, na "mbaya" pia. Mtoto mmoja aliandika kwamba mkia wa nguruwe ulikuwa kama tangawizi changa iliyong'olewa kwenye mvua. Kong Belsida alitembea na karatasi ile mtaani wiki nzima, akiwasomea watu.

Tarehe 12 Desemba 1980 alifunga ndoa na Bah Hambor Thongni, fundi seremala, aliyehamia nyumbani kwa mkewe na sanduku la randa na misumeno na kuliziba lile paa. Walijaliwa watoto wawili. Bah Hambor alizoea kusema ameoa mwalimu na nguruwe.

Wazee wa kanisa walipoisoma rasimu ya wasifu huu, waliomba kwamba kwa mambo yanayofuata tuandike, "palitokea kutoelewana." Hapakutokea kutoelewana. Kila mtu alielewa.

Tarehe 14 Septemba 1994, Bah Oswin Pyngrope, wakati huo mkaguzi wa shule, aliingia darasani kwa Kong Belsida. Aliona somo hadi mwisho. Akaomba aazimwe zile picha kwa wiki moja, akawaonyeshe wakubwa wake.

"Hazina namba, Bah," Kong Belsida akamwambia. "Nikupangie?"

"Kong, nina shahada mbili," akajibu. "Nguruwe hawezi kunishinda."

Watoto arobaini na mmoja walisikia. Wiki ile haijaisha hadi leo. Mwaka 1996 picha zilitoka kama kitabu chenye jina la Bah Oswin juu ya jalada. Kitabu kikapewa tuzo na kugawiwa shuleni. Katika kitabu hicho, ukurasa wa tatu nguruwe amezaa. Ukurasa wa tano ana mimba.

Kong Belsida aliandika barua kwa wakubwa wa mkaguzi. Jibu lilikuwa uhamisho. Kuanzia Februari 1997 alipelekwa kwenye kijiji cha mteremko wa kusini, mahali pa kushuka ngazi za mawe elfu mbili na zaidi, na aliyeweka saini ni Bah Oswin. Alikaa huko miaka saba. Tarehe 9 Julai 2001 Bah Hambor alifariki ghafla. Mvua ilikuwa imebomoa njia. Kong Belsida alifika siku moja baada ya mazishi, matope hadi kiunoni, akakuta wanawake wanaosha masufuria.

Hakupiga kelele. Alinunua nakala za kile kitabu, akazifumua uzi, akakata namba za kurasa kwa mkasi. Kila Februari, huko mteremkoni na baadaye hapa Mairang, hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza kwa darasa jipya. Watoto walionyeshwa kwanza kitabu kizima.

"Kong, aliyetengeneza hiki hajawahi kuona nguruwe?"

"Ameona. Alimwona wangu."

"Basi ana wazimu!"

"Usiniambie ana wazimu. Niambie umeona nini."

"Nimeona ukurasa wa tatu ananyonyesha, halafu wa tano tumbo bado linaburuta chini!"

"Andika hivyo hivyo. Na jina la juu ya jalada, lisome kwa sauti."

Walisoma kwa sauti, kisha wakapanga. Darasa baada ya darasa, hadi alipostaafu tarehe 31 Julai 2015. Wengi wenu mliosimama hapa mliketi kwenye sakafu ile, na hakuna anayehitaji kukumbushwa jina hilo.

Mwezi wa tatu mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya koo. Sauti yake ilianza kwenda mwezi wa saba. Tarehe 20 Septemba Bah Oswin alikuja kumjulia hali, na keki. Alipewa kiti, akapewa popoo na tambuu atafune, kama mgeni yeyote.

"Kong, tumeshazeeka," akasema. "Tusameheane, yaishe."

"Mimi nimekukosea nini, Bah?"

"Ni namna ya kusema tu."

"Basi tafuta namna nyingine."

Bah Oswin akauliza anatakiwa aseme nini.

"Nani alichora," Kong Belsida akamwambia. "Na si hapa kitandani. Hukuzichukua kitandani kwangu, ulizichukua mbele ya watu. Haya, maliza popoo yako, uende."

Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na minane. Ameacha binti, Ridalyn, aliyemwachia nyumba, mwana, Pynshngain, wajukuu watatu, dada mmoja, ambaye ni mama yangu, na wanafunzi ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Safari yake imefika mwisho, na Mungu amkalishe mahali pakavu.

Bah Oswin amekuja leo. Wazee waliuliza ni nani aliyeweka jina lake kwenye ratiba, kwenye salamu za wageni, mara tu baada ya usomaji huu. Ni marehemu mwenyewe. Ijumaa jioni alinishika mkono wa nguo, na kwa ile sauti iliyobaki akaniambia, "Akija, mpeni nafasi aseme. Na msimsaidie maneno."