Onno Habbinga Aweka Kijiko Kikombeni

Ifikapo tarehe 31 Machi, Onno Habbinga wa kijiji cha Upleward atastaafu baada ya kukitumikia Chama cha Wafugaji wa Ng'ombe Wekundu cha Krummhörn kwa miaka thelathini na saba, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa mwenyekiti. Ameomba wasifu huu uwe mfupi. Aliomba pia usiandikwe kabisa, lakini kamati ilipiga kura.

Alianza mwaka 1982 akiwa mpimaji wa maziwa, akizungukia mashamba ya wanachama kwa baiskeli. Anashikilia mpaka leo kwamba upepo ulikuwa wa mbele kwenda na wa mbele kurudi. Sisi tunaoishi huku tunamwamini.

Hotuba yake ya kwanza kama mwenyekiti ilikuwa na neno moja, "Moin", salamu yetu ya kila saa, kisha akakaa. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi kwa sababu ilibidi atangaze kwamba supu iko tayari.

Kwenye maonyesho ya ng'ombe ya mwaka 2003 mwamuzi aliugua, na Onno akaombwa ashike nafasi yake. Hakuna aliyekumbuka kuwa ng'ombe wake kipenzi, Frauke, alikuwa uwanjani. Onno akampanga Frauke wa sita. Walikuwa sita. Mkewe, Gesche, aliyekuwa amemwosha na kumpiga brashi ng'ombe huyo tangu alfajiri, alimnunia hadi Jumapili.

"Ungempa hata nafasi ya tano, Onno," alimwambia mlangoni mwa kanisa, watu wote wakisikia.

"Wa tano alikuwa na miguu mizuri zaidi," Onno akajibu.

Akanuniwa wiki nyingine.

Kisha ukaja mwaka 2006, na hapo hatukucheka. Chama kikubwa cha mjini kilitaka kutumeza, na sharti lao la saba lilisema daftari letu la nasaba lifungwe. Ndani ya daftari hilo kila ng'ombe mwekundu ameandikwa pamoja na mama yake, na mama wa mama yake. Likifungwa, ng'ombe wetu mia mbili na kumi na wawili wangebaki ng'ombe tu. Kamati iligawanyika nusu kwa nusu. Mimi, katibu, nilikuwa nimeshaanza kupanga mafaili kwenye maboksi, na niliyapanga huku nalia.

Mjumbe wao, Daktari Ditmar Kolbe, mwanasheria, alikuja mchana mmoja wa Februari na mkataba mkononi. Akakaribishwa chai jikoni kwa Habbinga, nami nikiwapo. Hapa kwetu mwenye nyumba humimina mpaka mgeni aweke kijiko chake ndani ya kikombe, na kila mtoto analijua hilo. Daktari Kolbe hakulijua. Alidhani kukataa ni matusi, kwa hiyo alikunywa. Gesche akamimina. Onno akamsogezea sukari.

Kwenye kikombe cha tisa mgeni aliuliza choo kiko wapi. Nyumba ya Habbinga ni ya zamani, watu na mifugo chini ya paa moja, na njia ya chooni hupita zizini. Punde tukasikia akipiga kelele.

"Njooni! Huyu ng'ombe anazaa! Naona miguu!"

Alikuwa Frauke, na ndama alikuwa amekwama. Onno akafunga kamba miguuni mwa ndama, akamkabidhi mgeni ncha yake.

"Usisimame tu hapo, Daktari. Vuta!"

"Na koti langu je?"

"Litafuliwa. Vuta anaposukuma, siyo kabla. Kwani huko mjini mnazaaje?"

Baada ya dakika ishirini ndama jike alikuwa kwenye majani makavu akipiga chafya, na mwanasheria amekaa kando yake. Akauliza mama yake Frauke alikuwa nani. Onno akamtajia mama, bibi, na waliotangulia, vizazi tisa, bila kufungua karatasi yoyote.

"Na yote haya yameandikwa wapi?"

"Kwenye daftari unalotaka kulifunga," Onno akasema.

Daktari Kolbe alirudi mezani, akalikata sharti la saba kwa kalamu yake mwenyewe, kisha akauliza tena choo kiko wapi, kwa sababu alikuwa bado hajafika.

Ndama aliitwa Ditmara. Gesche anasema mumewe alijua vizuri siku ya Frauke kuzaa. Onno anasema mgeni alikuwa na kiu.

Leo daftari lina ng'ombe mia sita na arobaini. Bila yeye lisingekuwepo, na nalisema hapa kwa sababu mbele yake haniruhusu.

Mwezi uliopita kamati ilikwenda jikoni kwake kumsihi akubali kipindi kingine. Tulikuwa na sababu kumi na moja. Alisikiliza nne, akamaliza kikombe cha tatu, akaweka kijiko ndani. Gesche, aliyetumiminia chai miaka yote kumi na tisa akiwa amesimama, aliganda na birika mkononi.

"Kweli, Onno?"

"Kweli."

Onno akainuka, akalichukua birika, akamvutia mkewe kiti. Kisha akammiminia.

Onno, Gesche, asanteni. Tunawatakia maisha mema, na upepo wa nyuma, angalau wakati wa kurudi.

Wiebke Ukena, katibu