Stesheni Wagoni Kwenye Daraja la Lyle

Nje ya duka la matairi la Verlin, hapa mjini Kokomo, kuna benchi ambalo kila asubuhi tunaligeuza bunge. Spika wetu ni Orville, tunamwita Kabureta. Pembeni yake hukaa Dale, jina lake kijiweni ni Mchungaji, kwa sababu hana neno lisilo na methali, hata kama methali yenyewe haihusiki. Wa tatu ni Lyle Womack, Kapteni, mwenye Camaro, gari la mbio aliloachiwa na marehemu baba yake. Mimi kazi yangu ni kumimina kahawa. Siku hiyo dada yake Lyle, Sherrill, dereva wa basi la shule, aliegesha mbele yetu stesheni wagoni, gari la familia la kahawia, refu kama mwezi usio na mshahara.

— Dada, nani kafa? Kabureta akauliza. Naona umekuja na gari la maiti.

— Hajafa mtu. Hili naingia nalo mbioni Jumamosi.

Tulicheka mpaka Verlin akachungulia dirishani.

— Sikiliza mdogo wangu, Lyle akasema. Mbio za robo maili si za kubebea mboga. Chukua bodi nyepesi, tia injini kubwa. Basi.

— Haraka haraka haina baraka, Mchungaji akaongeza.

— Mchungaji, haya ni mashindano ya mbio!

— Ndiyo maana nawaonya.

Sherrill akajipenyeza kati yao akakaa.

— Kaka, injini kubwa wanaihesabu kubwa. Wanachukua uzito wa gari, wanagawanya kwa nguvu za farasi wanazokubali wenye mashindano, hapo ndipo unapata daraja lako. Hii injini ya silinda nane gari lilitoka nayo kiwandani, na kwenye karatasi wameiandika mnyonge. Mimi nimeifungua nikaifunga kwa mikono yangu. Si mnyonge.

— Na huo mkia wote wa nini?

— Unakalia matairi ya nyuma. Yako yanateleza taa ya kuanzia ikiwaka, kila mtu anaona.

Kabureta akapiga mluzi. Lyle akawa mwekundu.

— Kuna magari mia ya kuchagua. Kwa nini hili?

— Kwa sababu nikiliongezea uzito kidogo wa madini ya risasi chini ya sakafu, linaangukia daraja lako.

Sote tulijua kwa nini analitaka daraja la Lyle. Baba yao alipokuwa hai, aliyelala naye chini ya ile Camaro kuitengeneza, mafuta yakimdondokea usoni, alikuwa Sherrill. Mzee alipozikwa, Lyle akatia ufunguo mfukoni, na dada yake alipoomba aendeshe walau mara moja, akaambiwa, “Tutaona.” Hawakuona.

Jumamosi mimi nilikuwa kwenye uzio. Kaka na dada walipangwa pamoja raundi ya kwanza, na kwa kuwa ni daraja moja, waliondoka pamoja, hakuna wa kutangulizwa. Watu wa jukwaani wakamzomea Sherrill, mmoja akamuuliza watoto amewaacha wapi. Akashusha kioo, akamtazama, akapandisha. Taa ya kijani ikawaka. Camaro ikapiga kelele, matairi yakafuka moshi, ikachezacheza matako. Wagoni ikainua pua kidogo tu ikaenda. Lyle alimkaribia, akamkaribia sana, lakini njia ikaisha dada yake akiwa mbele.

Raundi ya pili Sherrill alitolewa na kijana mmoja wa mji wa Fort Wayne. Wala hakununa.

Jumatatu bunge likakaa, Sherrill mwenyewe akiwa katikati na kikombe chake.

— Kilichomshindisha ni upepo, Kabureta akasema. Ulivuma kwa nyuma. Ule mlango wa nyuma ni tanga!

— Hapana, Mchungaji akasema. Ni hewa ya ndani. Bodi ndefu, jua kali, hewa inapata moto, gari linakuwa kama puto. Mchumia juani hulia kivulini.

— Basi puto lingepaa, Kabureta akasema.

— Ndiyo maana akatia risasi!

— Mimi naona ni rangi, Lyle akasema. Ile kahawia inafanana na lami. Mtu hajui umbali wake.

Kulikuwa na mama mmoja mgeni, anasubiri tairi lake lizibwe. Alikuwa amesimama muda wote anasikiliza, na kisa cha Camaro Verlin alikuwa amemsimulia. Akamgeukia Lyle.

— Samahani. Kama dada yako anajua hivi, lile gari la baba ulimnyima kwa nini?

Mchungaji akafungua mdomo, methali ikakataa kutoka. Lyle akaninyooshea kikombe nimmiminie, na hapo Verlin akaita kwamba tairi liko tayari, yule mama akaondoka.

Sherrill akasimama, akajipangusa makombo ya donati.

— Ukipata jibu, kaka, nitakuwa uwanjani Jumamosi. Daraja lilelile.