Wimbo Wangu Usianzishwe Juu

Sogeeni kitandani, na wewe Ovidiu weka hiyo simu chini, baba yako anakufa mara moja tu, simu utaishika mpaka uzeeke. Estera, niinulie mto kidogo. Hivyo. Sasa asinikatize mtu, maana anayesema ni mimi Gavrila, niliyepiga tarumbeta katika kanisa la Wabatisti la kijiji hiki miaka hamsini na miwili, niliyepuliza siku moja pale mlangoni mpaka ng'ombe wa Hungaria wakavuka mpaka kuja kuuliza kuna nini. Daktari kasema nina siku tatu. Huyo daktari anaimba kwaya huko mjini, tena anaimba kama bawaba isiyo na mafuta, kwa hiyo simwamini kwa lolote, lakini pumzi yangu naijua mwenyewe, na imekwisha.

Nyumba ni ya Estera, kwa sababu ndiye aliyekaa. Simion, chukua shamba la plamu. Mti haujali mtu anaingia saa ngapi, na wewe tangu nikupe lile tarumbeta kubwa la besi hujawahi kuingia kwa wakati hata siku moja. Wenzako wakishafika "Amina" wewe bado uko ubeti wa pili unatafuta pa kuegesha. Usicheke, Ovidiu, zamu yako inakuja. Imeshakuja.

Wewe ndiye waliyekupa uongozi wa nyimbo, sijui walikuwa wamekula nini. Umeleta spika kubwa kuliko jiko la mama yako, ukaleta ngoma ukazifungia kwenye kibanda cha vioo kama mkate wa dukani, na Jumapili iliyopita, mliponibeba na kiti mkaniweka benchi la mbele pamoja na akina bibi, mliimba pambio moja mara ishirini na tatu. Nilihesabu. Ilipofika ya kumi na nne bibi Saveta akanigusa kiwiko, "Gavrila, huyu mwanao anamwomba Mungu au anamkumbusha?" Nikamwambia, "Anatafuta mlango wa kutokea, mama, tumwombee." Na wewe saa hiyo umefumba macho! Kiongozi wa nyimbo anafumba macho akishakufa. Ukiwa mzima yafumbue, uangalie midomo ya watu. Wa Saveta ulikuwa umefungwa, na yule anajua nyimbo mia nne bila kitabu. Jirani yake mdomo ulikuwa wazi, lakini ni miayo.

"Baba, ndio muziki wa siku hizi." Nimesikia. Na sisi tulio hai leo ni watu wa siku zipi?

Sikia nikwambie, bila shule, mimi niliyetoroka darasa la sita kwa dirisha nikiwa na tarumbeta mgongoni. Wimbo hauanzishwi kwa koo lako, wewe koo lako limepanda kama bomba la moshi. Jumamosi nenda kwa Saveta akiwa anachoma pilipili hoho zake za kuhifadhi kwenye chupa, mshikie kapu, mwimbishe kidogo kidogo ukipandisha, na pale atakapokohoa na kusingizia moshi, hapo ndipo dari yako, usitoboe. Gitaa litengeneze nyumbani, sio Mchungaji anaomba na wewe unafanya *ting, ting* kama mtu anayejaribu vikombe. Usihubiri katikati ya nyimbo. Mhubiri tunaye, naye ni mrefu wa kututosha. Na ubeti wa mwisho zima kila kitu, spika, ngoma, na huyo Simion, usikie kama mle ndani kuna watu au mlikuwa mnajipigia wenyewe.

Maji, Estera. Basi, yanatosha.

Msidhani nawadharau ninyi peke yenu. Dharau ninayo ya kutosha wilaya nzima, ila kipande kikubwa kuliko vyote nimejiwekea mimi. Siku tuliyomzika mama yenu Floare, bendi za vijiji vitatu zilitembea na jeneza kutoka geti letu mpaka makaburini, na kwenye bendi ya kule bondeni alikuwepo Trifan, ambaye watu, wajinga, walisema ananizidi. Pale kaburini wimbo wa kuaga nauanzisha mimi, ndiyo desturi. Nikauanzisha juu. Juu sana, pale ambapo hata mama yenu asingefika, makusudi, Trifan asikie. Mstari wa kwanza watu wakanifuata. Wa pili wakakaza shingo. Wa tatu, wimbo unapopanda, wakaniacha mmoja mmoja, kijiji kizima kikanyamaza, nikabaki peke yangu, na nikapiga vizuri, wanangu, sijawahi kupiga vile. Trifan alivua kofia. Watu wakanipa mkono, "Gavrila, leo umepiga!" Njiani kurudi Estera akaniuliza, "Baba, mbona mama hakuimbiwa?" Nikamwambia nyamaza.

Miaka kumi na mmoja sijamjibu. Jibu ndilo hilo.

Basi mnizike kando yake, na kabla hamjanishusha muimbe wimbo wake ule ule, beti zote nne, kijiji kizima, tuimbiwe wawili kwa pamoja. Tarumbeta ni lako, Ovidiu, lakini siku hiyo libaki sandukuni. Spika zibaki kanisani. Anaanzisha Estera. Msilie kwanza, mtakausha koo.

Tujaribu sasa hivi. Mnafikiri kuna mazoezi baada ya hapa?

Anza, Estera… Juu. Juu hiyo, unajionyesha kama baba yako. Shusha… Simion, ingia… leo tu, mwanangu, ingia kwa wakati… aa, umeingia. Mungu awape pumzi ndefu… na masikio… masikio zaidi kuliko pumzi. Ovidiu… macho. Fungua macho, tazama midomo… wangu pia… unakwenda?

Shusha tena… kidogo…

Hapo. Hapo hapo. Hapo mama yenu anafika.