Safu Mbili kwenye Mlango wa Karakana

Mwalimu Syombua Mbaluka anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hisabati katika shule yetu hapa Kathonzweni. Alitoka Kasikeu kuja kusaidia kwa muhula mmoja tu. Bado tunangoja huo muhula uishe.

Wasichana wake wamefika mashindano ya kaunti mara nyingi, nao humkumbuka kwa ile sweta ya zambarau aliyovaa hata Februari. Aliyeogopa nambari alipelekwa kwanza kwenye mlango wa karakana.

Mlango huo ulikuwa wake na wa marehemu mume wangu, Nyamai, seremala wa shule. Saa ya chai walicheza hivi: chukua nambari, ongeza jumla ya tarakimu zake, andika jibu chini yake. Kumi na sita ina moja na sita, yaani saba. Basi inafuata ishirini na tatu. Nyamai alianza na 1, Mwalimu na 7. Mwenye nambari ndogo ndiye aliyeandika, hadi safu zikutane.

Mwanzoni Nyamai, ambaye msumeno ulimkata vidole viwili, alidai wahesabu kwa nane, yaani nane iandikwe 10. "Hesabu zako ni za watu wa vidole kumi, Mwalimu. Zinatuonea!" Mwalimu alikubali, ila akamwonya kwamba kwa nane hawatakutana kamwe: safu yake itakanyaga saba, kumi na nne, ishirini na moja, na mafungu mengine ya saba tu, ya Nyamai haitayagusa. "Ngoja tu," akajibu Nyamai, akaandika muhula mzima. Tulicheka hadi chai ikapoa.

Wakarudi kwa kumi. Nyamai alipofariki mwaka jana alikuwa 91, Mwalimu 94. Zamu ilikuwa ya Nyamai. Kila chaki ilipofifia, Mwalimu aliipitia upya.

Mwezi huu mafundi walikuja kupaka rangi. Mwalimu aliwaomba waanze na vyoo, kisha akaja ofisini ninakopiga chapa, na chaki mkononi. "Kasiva, ni zamu yenu."

Niliandika 101. Yeye, 107. Nikaandika 103. Moja na tatu, nne. Nikaiandika: 107.

Sasa mlango ni wa kijani, na sikuhuzunika.

Asante, Mwalimu, kwa kumngojea. Mbuzi wako wa Kasikeu wakunenepee, na miaka yako iongezeke kama safu zile. Saa ya chai, kikombe chako kipo.