Marekebisho ya Mwisho ya Bi Kumbe

Mtangazaji wetu wa sayansi, ambaye hata meneja humwita Bi Kumbe, amestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi hapa redioni. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila Alhamisi jioni alifungua kipindi kwa neno hilohilo: kumbe nyuki wakipewa vijipira huvichezea tu, bila kutarajia malipo, kumbe mnyanya ukikosa maji hutoa milio ambayo masikio yetu hayaisikii.

Kabla ya kwenda hewani, kila habari ilipitia kantini. Alimsimulia mpishi wetu palepale jikoni. Mwiko ukiendelea kukoroga, Bi Kumbe alirudi mezani kuandika upya. Mwiko ukisimama, habari imeiva. Ile ya mnyanya ilituponza sote, maana mpishi aligoma kukata nyanya, tukala mchuzi mweupe hadi huruma ilipomwisha.

Zaidi ya yote, tutamkumbuka kwa marekebisho. Watafiti wakigundua wamekosea, naye alirudi hewani saa ileile, kwa sauti ileile, akasema tulikosea. Wapo waliomshauri anyamaze, kwani nani angekumbuka? Aliwatazama kama watu waliomtuma akaibe.

Ndiyo maana kuagana huku kunatuuma. Katika kipindi chake cha mwisho alieleza dalili za bahari kwenye sayari moja ya mbali. Mwiko ulisimama kweli siku hiyo, na mpishi akaenda kuwasimulia wajukuu zake. Wiki iliyofuata watafiti walipima tena, na zile dalili hazikuonekana. Bi Kumbe akaomba dakika mbili tu. Akaambiwa Alhamisi yake imeshachukuliwa na matangazo ya magodoro. Alikusanya vitu vyake akashuka ngazi, akampita mlinzi wa getini bila kumjulia hali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jarida hili la wafanyakazi halifiki kwa wasikilizaji. Linaishia kwetu na kwenye ubao wa kantini. Hata hivyo tunaomba lisomwe, hasa na mpishi: kumbe ile bahari haijathibitishwa. Tulikosea.

Asante, Bi Kumbe, kwa kutufundisha kulisema neno hilo. Tunakutakia afya njema na siku za raha pamoja na wanao. Huko nje wasikilizaji wako bado wanaamini bahari ipo, na tunasikitika kwamba hukupewa nafasi ya kuwaambia.