Merv Tregonning, Skwea ya Babu na Milango ya Moonta

Leo Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025, Merv Tregonning anavua aproni baada ya miaka arobaini na mmoja ya kukata mbao kwenye karakana yetu hapa Moonta. Mimi Clarrie nimesimama naye benchi moja miaka thelathini na tisa, na kwa msumeno wa mkono nilikuwa namshinda, lakini tuyaache hayo, leo siku yake.

Merv aliingia mwaka 1984 akiwa na nywele, na skwea ya chuma ya babu yake, kile kipimo cha pembe mraba. Nywele zilikwenda zao. Skwea ilibaki, imevishwa fulana ya sufu, haiguswi na mtu. Kila Jumatatu kabla ya chai alichomoa waya wa msumeno wa umeme wa kukatia pembe, akashusha diski, akaegemeza skwea kati ya diski na kile chuma cha nyuma kinachoegemewa na mbao. Analegeza boliti, anagonga kwa kiganja, anakaza. "Alama ya sifuri ikidanganya, pembe zote zinadanganya," alikuwa anatuhubiria. Askofu hajapata kubariki kitu kwa madaha yale.

Ajabu sasa, milango ya mji huu haikai. Unaufunga, unafunguka wenyewe. Tukalaumu mashimo ya wachimba shaba huko chini: ardhi inazama! Mkutano ukaitishwa, mimi mwenyewe nikahutubia, nikapigiwa makofi.

Mwezi uliopita fundi wetu mpya, Loveday Pascoe, alikata ubao vipande viwili, akageuza kipande kimoja juu chini, akaviunganisha tena. Mwanga ukapita katikati.

"Merv, msumeno wako mwongo."

"Mwongo wewe! Msumeno umepimwa kwa skwea ya babu."

"Basi pima skwea yenyewe. Chora mstari, igeuze, chora tena."

Pasti za nyama tulizokuwa tunakula zikapoa mikononi. Mistari ikiachana, skwea imepinda, na Merv angestaafu kama mzee aliyeupinda mji mzima, na angeweza kabisa kukataa. Alichora. Akageuza. Akachora. Mistari ikaachana kama miguu ya ndama wa jana.

"Aisee," akasema. "Niliiangusha toka paa la kanisa, mwaka wa tisini na tatu. Hata mke wangu sikumwambia."

Hapa kwetu ukikosea unaleta kreti ya bia. Merv alileta saba. Kisha akaunyoosha msumeno, akakata fremu safi ya mlango wa baa. Ikagoma kuingia! Ukuta, kaunta, madirisha, vyote kazi yake ya zamani, vyote vimepinda.

"Nirudishieni ya kupinda!" mwenye baa akafoka.

Kwa hiyo sasa tuna misumeno miwili, mmoja wa dunia na mmoja wa Moonta, na wa Moonta anayejua kuurekebisha ni mtu mmoja tu.

Asante, Merv, kwa kuchora ule mstari wa pili wakati ungeweza kumeza penseli. Jumatatu saa moja asubuhi uje umfundishe Loveday. Maisha mema ya kustaafu tunakutakia kuanzia Jumanne.